Baba, Niligeuza Cherehani

Baba yangu,

Nimekaa kibarazani, hapa soko la Kibuye, pale pale ulipokuwa ukishonea, na nakuandikia kwa sababu ulikufa kabla hatujamaliza ugomvi wetu. Siombi msamaha. Unanijua.

Unakumbuka tulivyokuwa tukifika kila asubuhi kutoka Nyamasaria, miaka ile ya mwanzo ya Uhuru? Ulifagia, ukatia cherehani mafuta, ukaielekeza ukutani. "Fundi akitazama watu, anajishona kidole," ulisema. Kisha ulitoa msumarini pateni zako za kukatia nguo, ulizozikata kwenye karatasi za mifuko ya saruji. Gauni lilikuwa moja tu: kola ya duara, marinda kiunoni, vifungo mgongoni. Mwanamke akipita mjini, watu walijua fundi wake ni nani. Wewe uliona hiyo ni sifa. Mimi niliona ni uvivu, Baba, na leo nausema kwa sauti.

Halafu ukashikwa na malaria, ukaniachia kibaraza. Siku ya kwanza nilishona nikitazama ukuta. Siku ya pili nikachoka na ule ukuta, nikaigeuza cherehani ikatazama soko. Ni hilo tu nililofanya. Nikaanza kuwaona watu ambao miaka yote nilikuwa nawapima mabega bila kuwaangalia. Mbele yangu Mama Ochieng alikuwa akiuza samaki, leso ameifunga begani. Mtoto akilia, alilegeza fundo, mtoto akanyonya, na mikono yake haikuacha kupanga samaki.

Naye alikuwa ameniletea kitambaa cha gauni la kanisani. Nikamwambia ajue litakuwa la vifungo mgongoni, kama kawaida. Akacheka.

"Hii gauni yenu ni ya mtu hana mtoto," akasema. "Wangu akilia kanisani, mimi natoka nje. Tangu nizae, mahubiri sijasikia mwisho wake."

Nikakata bila pateni, vifungo nikavileta begani. Nilipima mara tatu kabla ya kutia mkasi, maana kitambaa kilikuwa cha mtu.

Ulirudi umejifunika koti na jua lote lile, ukaliona gauni kabla hujanisalimia. "Mama," ukaniita, kama ulivyoniita siku zote kwa kuwa nilirithi jina la mamako, "fumua hiyo. Ama uondoke kwenye hicho kiti."

Kile kiti nilikipenda kuliko kitu chochote nilichokuwa nacho. Wasichana wa rika langu walikuwa wakishonea mafundi vifungo kwa mkono, sakafuni. Mimi nilikaa kwenye cherehani, na ni wewe uliyenikalisha. Lakini nilikujibu, "Mamako hafumui." Mafundi jirani walicheka. Wewe hukucheka.

Jumapili Mama Ochieng aliketi benchi la mbele. Mtoto akalia, akafungua vifungo viwili, akabaki pale pale mpaka baraka za mwisho. Jumatatu wanawake walitujia na vitambaa. Habari ya kiti hukuitaja tena. Ila hukusema pia kwamba nimefanya vizuri, na hilo linaniuma hadi leo. Kila asubuhi ulielekeza cherehani ukutani, na kila ulipokwenda kunywa chai niliigeuza. Tuliishi hivyo mpaka ukafa.

Sasa sikia yaliyonipata. Gauni la vifungo begani linashonwa na kila fundi hapa sokoni. Nami nilikuwa nimelikatia pateni, nikaitundika kwenye msumari ule ule, juu ya zako. Juzi mteja aliniomba mfuko ubavuni, wa kutia funguo, nikamwambia, "Sisi hatushoni hivyo." Ilikuwa sauti yako, Baba, pamoja na kile kikohozi chako. Wahenga walisema mazoea yana taabu. Kumbe hata ubishi una mazoea yake.

Nimemfuata yule mteja hadi kwake kumwambia arudi. Na leo asubuhi nimeichukua pateni yangu nikawashia jiko, nikachemsha chai. Sijui kesho nitakata nini. Naogopa, na nimefurahi.

Zako sijazigusa. Ziko msumarini, zimekuwa za manjano. Nikizichoma, nitabishana na nani?

Lala, Baba. Cherehani inatazama soko.

Mamako,
binti yako.