Mvua Imelikuta Kanisa Halina Bati

Mtaa wa Misheni,
Mkalama, Singida.
19 Januari 2025.

Mpendwa Shangazi Jesca,

Shikamoo. Naomba Mungu barua hii ikukute mzima huko Tunduma, wewe na Baba Gerald na watoto. Mguu wako je, umepona? Sisi tunaendelea, ila mtoto ana mafua na usingizi wangu ni wa kuibia. Ana nywele nyingi kama zako.

Shangazi, nakuandikia kwa sababu kwenye simu nikianza tu nalia. Kanisa letu la zamani limeanguka.

Wazee walikubaliana tujenge jipya baada ya mavuno. Mzee Alute akasema bati ziteremshwe mapema zisije zikaibiwa, kuta zitasubiri. Wakasahau kwamba yale matofali hayakuchomwa. Mvua ikanyesha mchana kutwa, upande waliokuwa wanakaa wanawake ukalainika, ukalala chini. Wa wanaume ukafuata. Tunashukuru hakuna aliyeumia. Sasa Mzee Alute hata njia ya sokoni hapiti.

Unajua mama yako alivyo na kanisa lile. Alikuwa kigori walipolijenga. Wasichana walileta maji na kukanyaga udongo, wavulana wakafyatua matofali, paa likawa la nyasi, bati zikaja baadaye. Wamisionari walipoondoka, wanawake waliendelea kusiriba kuta kila mvua zikiisha. Sisi wa siku hizi tuliacha, tukawa tunapaka rangi tu.

Na watoto wote wa kwetu wakibatizwa pale, Bibi ndiye aliyekuwa anawapakata. Huyu wangu naye, Bibi alikuwa anamsubiri kwa hamu.

Tulimpeleka akaone. Akakaa kwenye kifusi. Mzee Alute akaja, akainama: "Shikamoo mama. Tusamehe."

"Alute, mtu mzee unamvua kofia mvuani, halafu unashangaa akifa?"

Watu walicheka. Bibi hakucheka. Tangu siku ile chakula anakisukuma pembeni, anageukia ukutani. Zahanati wamempima, ugonjwa hawauoni. Amekonda, Shangazi, ukimwinua ni kama unainua kanga.

Mchungaji amekubali kumbatiza mtoto palepale tarehe 9 Februari, chini ya turubai, maana sakafu ya madhabahuni imebaki nzima. Bibi anataka ampakate yeye mwenyewe, bila kushikiliwa na mtu. Naogopa hatafika siku hiyo. Hata hivyo nimeanza kumshonea Bibi gauni. Njoo, Shangazi, usingoje Pasaka.

Jana nilimwambia Bibi kwamba mtoto tutamwita Magdalena, jina lake. Akaniangalia sana, halafu akasema, "Mtafutie jingine. Hilo bado nalitumia."

Kisha akaomba uji.

Amosi, mume wangu, anakusalimu. Nisalimie Baba Gerald, Gerald mwenyewe na Lucy. Mungu akushike mkono njiani mpaka mlangoni kwetu.

Ni mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye na kukungoja,

Luciana