Ndani ya Ndege ya Jirani

Mardi, 10 juin 2025
Leo wamenipa kofia ya rubani na kiti! Tangu Goma ilianguka mu mikono ya waasi mwezi wa kwanza, sijaendesha elikoptere. Zetu zilibakia kule – siye marubani ya jeshi tulitoka na nguo ya mwili tu. Sasa narudia juu mu ndege ya jeshi ya Waganda, wenye wanasaidia jeshi yetu huku, pembeni ya Kapiteni Byaruhanga. Yeye anajua mashini yake, miye najua milima ya Ituri. Merci Mungu.

Mama Bernadette, mwenye alinipokea kwake mu mtaa ya Nyakasanza, huku Ituri, bila kunijua, amenichemshia maziwa ya ng'ombe zake. Eti rubani haruke na tumbo mutupu!

Jeudi, 12 juin
Mvua. Haturuke. Byaruhanga anahadisia: kwao Masindi kuko kanisa yenye wakimbizi Wapolandi walijenga wakati ya vita kubwa ya pili ya dunia. Wanawake na watoto. Kati ya wanaume yao kulikuwa marubani – inchi yao ilikuwa imekamatwa, wakaenda kupigana pamoja na Waingereza. Nikamuuliza kama walirudiaka kwao. Wamoja tu, anasema. Akanikatia chapati yake. Nilikula na shukrani. Miye ingalau niko mu inchi yangu.

Samedi, 14 juin
Immaculée amepiga simu! Muke yangu ametoka Goma, amepitia Uganda, kesho anavuka ziwa mpaka bandari ya Kasenyi, upande yetu. Na mutoto – Elysée, alizaliwa mwezi wa ine, sijamuona hata siku moja. Nimecheka peke yangu kama mulevi! Mama Bernadette ameomba kitanda kwa jirani.

Siku ya Mungu, 15 juin
Nimekwisha kuvaa shati ya misa, tunangojea taksi ya kushuka Kasenyi. Byaruhanga akafika na jeep. Kuko bablesé, watu wenye waliumia mu mapigano, upande wa Komanda, raia na askari. Barabara imekatwa, ni elikoptere tu inaweza kufika, na mawingu imeshuka.

"Kamate, weye hauko askari yangu, siwezi kukulazimisha. Lakini ile bonde ya Komanda siijue."

Mama Bernadette hakungoja nijibu. Alifunga kitenge kiunoni.

"Enda, mutoto yangu. Miye nitapokea muke yako na mutoto."

Huyu mama! Nitamushukuru namna gani?

Niko mu kiti ya elikoptere. Immaculée anaandika: tunaona Kasenyi, mutoto amelala, unatungojea upande gani?

Motere imewaka. Byaruhanga ananiangalia. Naandika: Mama Bernadette atawapokea, miye naenda kuleta bablesé – kisha nafunga mukanda.