Theluji Iliyofutwa na Televisheni ya Wiebren

Tjitske, acha unachofanya. Nimejifungia chooni kwa mama mkwe, mbavu zinaniuma kwa kucheka.

Unamjua shemeji yangu Wiebren. Mama leo katimiza miaka sabini, naye kamletea televisheni pana kama mlango wa zizi. Sisi tumeketi duara, kila mtu na kipande chake kimoja cha keki, akatuwekea ile kanda ya zamani ya marehemu baba yao akiteleza kwa viatu vya barafu juu ya mfereji ulioganda.

Kwanza hotuba. Eti kanda ina nukta chache, kioo kina mamilioni, kwa hiyo televisheni inajaza mapengo kwa kukisia. Kama yeye anavyosimulia habari za watu.

Baba akatokea, uso laini kama mshumaa, nyuma yake hewa safi kabisa. Mama akauliza, "Theluji iko wapi?"

"Zile zilikuwa chenga za kanda, mama. Imezisafisha."

Chenga. Tjitske, kaita chenga.

Mama akaweka keki chini. "Ilikuwa theluji. Baba yako aliteleza ndani yake masaa matatu kuja kukuona siku uliyozaliwa."

Huyo bwana, badala ya kuomba radhi, kasimama mbele ya kioo anatuelimisha kwamba televisheni haikosei, inaondoa tu vitu visivyo na maana.

Mama akamtazama weee, mpaka nikamwonea huruma.

"Umesimama mbele yake muda wote huo," akamwambia, "na mimi bado nakuona."