Hodi ya Tatu

Mwanangu Thandeka,

Wameandika habari zako na wamekosea. Furaha, binti wa jirani yangu, aliniletea simu yake nisome: mwigizaji wa Uingereza wa jukwaani na wa filamu, mzaliwa wa Johannesburg, ameaga dunia baada ya kuugua kwa muda mfupi. Wewe ulizaliwa Morogoro, mvua inanyesha, na nesi ananigombeza kwa makelele yangu. Baba yako alikuwa mkimbizi kwetu, akingoja nchi yake ifunguke. Ilipofunguka tukaja naye huku, nikakubeba mgongoni, meno yako hata hayajatimia. Hayo hakuna aliyeniuliza. Mama mzazi hakutajwa kabisa, utadhani uliokotwa.

Hata jina wamelikosea. Baba yako alikuita Thandeka, yaani mtu anayependwa, na linatamkwa kwa T yenye pumzi, si kwa kutoa ulimi nje. Kule London wakawa wanalianza kama mtu anayetaka kusema thelathini. Ukawaachia. Mwisho ukanipigia simu mwenyewe na kujitaja vile vile walivyokutaja wao, nikauliza, nani mwenzangu? Ukacheka. Mimi sikuwa natania.

Basi naandika mimi. Barua hii sina pa kuipeleka, kwa hiyo asome anayetaka.

Wakumbuka sheria ya nyumba yetu hapa mtaa wa Bertrams, Johannesburg. Ilikuwa moja tu, na niliibeba kutoka kwetu: mtu haingii ndani bila hodi. Awe na ufunguo mfukoni, awe ndiye anayelipa kodi ya nyumba, atapiga hodi na kungoja akaribishwe. Baba yako hakuwa na tabu, alishaishi kwetu miaka mingi. Mbishi ulikuwa wewe. Ulitoka shule, ukausukuma mlango kwa begi na kupiga ukelele, "Ma, ngibuyile!" Umerudi, sawa, lakini nikakurudisha nje.

"Toka. Piga hodi."

"But I live here, Ma!"

"Hata mimi naishi hapa. Toka."

Ukakaa pale kwenye kizingiti umenuna mpaka baba yako akarudi kazini na kukuombea msamaha. Kila neno la Kiswahili nililosema ulilielewa, na hukunijibu hata moja. Nikikuita kwa Kiswahili waitika kwa Kiingereza, ukikasirika ndiyo kabisa, unahamia kwenye Kizulu cha baba yako. Nikajisemea ni utoto, utapita. Watoto wa wenzangu wote mtaani walikuwa hivyo hivyo, nikaona sina haja ya kugombana na mtoto kila siku.

Halafu jioni moja niko jikoni, nasikia sauti nzito nje: "Hodi wenyewe!" Nikafuta mikono haraka nikijua ni paroko. Nafungua, nakukuta wewe, umevaa koti la baba yako linaburuza chini, umekunja uso. Nilitaka kukuchapa. Badala yake nikasema, karibu Baba, pita ndani, leo umetukumbuka. Ukapita. Ukaketi, ukaagiza chai, ukaniuliza kwa nini sionekani kwenye misa ya asubuhi.

Tangu siku hiyo sikupumzika. Ukitoka unarudi Mama Furaha, na Kiswahili chake cha Bukavu, "Hodi! Batu biko?" yaani watu wapo, na ile namna yake ya kupumua kila akipanda ngazi. Ukitoka tena unarudi yule bwana wa kusoma mita ya umeme, unaogopa mbwa ambaye hatukuwa naye. Nami kila mgeni ilinibidi nimkaribishe kwa heshima zake. Baba yako akasema mtoto huyu ana wazimu. Nikamwambia mwache, angalau wazimu wake unaongea Kiswahili.

Ndipo nilipokufundisha na lile lingine. Hodi ni tatu. Ukipiga ya kwanza kimya, ngoja, piga ya pili. Ya pili nayo kimya, piga ya tatu. Baada ya hapo unaondoka zako. Huchungulii dirishani, hugombi, hununi, maana mwenye nyumba ana yake. Ukaniuliza kwa Kiingereza, na kama wamo ndani je? Nikakujibu, wangekuwemo wangeitika. Ukanipima kwa macho. Siku nyingine nilinyamaza makusudi, nakoroga uji huku nacheka peke yangu, nakusikia unapiga ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kisha hatua zako zinashuka ngazi, zinaelekea kwenye spaza, kile kiduka cha kona. Unarudi baadaye ukiwa mtu mwingine. Hukupata kupiga ya nne.

Uliwapigia watu wote wa mtaa huu hodi zao, mwanangu. Ya kwako mwenyewe hukunipigia. Ukiwa Thandeka ulisukuma mlango tu na kusema, "It's me."

Ukakua, ukapata nafasi ya kusomea uigizaji London, ukaenda. Uwanja wa ndege baba yako alilia, mimi nikapiga moyo konde nikasema nitalia nyumbani. Miaka ya kwanza kila nikikuona kwenye televisheni unasukuma kitanda cha mgonjwa, au umejifunga kitenge unalia kambini. Mama Furaha ananiuliza, "Maman, huyu mutoto wako huko Ulaya banamulizia nini kila siku?" Baadaye ukawa daktari, ukawa hakimu, tukapumua. Kisha wakakupa umalkia kwenye ule mchezo wao wa zamani, kila siku watu wanajaa ukumbini, ukanitumia picha una taji kichwani. Niliibandika kwenye friji. Mafuta ya maandazi yameiharibu pembeni lakini uso wako unaonekana vizuri.

Na ile tuzo. Ulisimama mbele ya watu wote wale, gauni la kijani, ukawashukuru walimu, mwongozaji, na marehemu baba yako. Halafu ukasema, mama yangu yuko Johannesburg, hajaelewa mpaka leo kazi ninayofanya. Ukumbi mzima ukacheka. Mimi nilikuwa nimewaalika watu, sebule imejaa, nimepika pilau. Nao wakacheka kwa adabu, wakanitazama. Nilicheka nao.

Nilielewa, Thandeka. Nani alikuwa akimkaribisha paroko? Nani alimshika mbwa asiyekuwepo ili bwana wa mita apite? Nilicheza na wewe kabla ya hao wote, na sikuwahi kukosea sehemu yangu.

Baba yako alipofariki, kabla ya tuzo hiyo, ulikuja. Nilikaa na waombolezaji nikitega sikio mlangoni, nikasema leo atapiga, leo hana namna, amefiwa. Simu ikalia. "Ma, I'm outside." Najua siku hizi mji huu ndivyo ulivyo, geti ni la chuma na kufuli mbili, mtu anasimama nje anapiga simu. Nikatoka nikakufungulia, tukakumbatiana pale getini mpaka watu wakatutenganisha. Baada ya mazishi ukaondoka na mkataba wako unakungoja. Ukasema utarudi ukae. Kila mwaka ulisema hivyo.

Halafu simu haikuwa yako tena. Alikuwa Helen, yule Mwingereza aliyekuwa akikuvisha nguo nyuma ya jukwaa. Hukuniambia unaumwa. Hukumruhusu naye aniambie. Na kuhusu mwili wako, ulisema uchomwe, majivu wayamwage mtoni, na wakafanya ulivyotaka kabla sijapata hata nauli. Nilitazama kwa simu watu nisiowajua wamesimama kando ya maji wameinamisha vichwa. Sina kaburi lako. Mama mwingine anakwenda, anang'oa magugu, anaketi, anaongea. Mimi nikaongee na mto gani?

Filamu yako ya mwisho ilifika huku wewe umeshaondoka. Sikutaka kwenda. Mama Furaha ndiye aliyenivalisha viatu. "Twende tu, maman. Utamuona mutoto." Tukaenda, tukaketi gizani, ukatokea. Umekonda, nywele umezikata. Ni mwanamke aliyekaa Uingereza maisha yake yote, anarudi kwao kumtafuta mama yake. Njia nzima unaongea Kiingereza, nikasinzia kidogo, Mungu anisamehe. Mpaka ukafika kwenye nyumba. Ukaweka sanduku chini. Ukasimama mbele ya mlango.

"Hodi."

Haikuwa sauti ya paroko. Haikuwa ya Mama Furaha wala ya yule bwana wa mita. Ilikuwa sauti yako, na ulivyoivuta mwisho ni mimi mtupu, hivyo ndivyo ninavyoivuta mimi. Maisha yako yote niliingoja hiyo.

Kimya. Ukangoja.

"Hodi."

Nikajikuta nimesimama. "Karibu!" nikasema. "Karibu mwanangu, pita!" Kijana mmoja nyuma yetu akasema, "Hawu gogo, thula," yaani bibi, nyamaza. Mama Furaha akanivuta gauni, "Maman, keti, batu banatuangaria." Sikuketi. Ukapiga ya tatu, nikaitikia kwa nguvu zangu zote, nimo, ingia, nimo! Ukasimama kidogo umekaza macho kwenye ule mlango. Kisha ukainua sanduku, ukageuka, ukaenda. Taa zilipowaka nilikuwa bado nimesimama, na yule kijana aliyeniambia ninyamaze akanishika mkono akanisaidia kushuka ngazi.

Siku moja baada ya hapo nilikuwa nimelala mchana, nikasikia hodi getini. Yako. Ile ile, imevutwa mwisho. Nilitoka mbio bila viatu, nikijua kabisa kwamba umekufa, bado nilikimbia. Getini amesimama mwanamke mzee wa Kizungu ameshika sanduku lako, anaogopa kwamba amekosea neno. Ni Helen. Akaniambia kwako London haingii mtu bila kusema hodi, wote uliwafundisha, na aliyeingia kimya ulimrudisha nje. Nilitaka kufurahi. Nilishindwa, mwanangu. Uliwafundisha wageni, ukawapa wao, na kwangu ukaja na simu.

Nikamkaribisha, nikampa chai. Akanieleza kwamba kwenye maandishi ya filamu yule mwanamke anagonga mlango kwa ngumi, anaufungua na kuingia. Ukakataa. Ukawaambia, kwetu hatugongi. Wakakubali hodi moja, ukapiga tatu, na kila moja ukangoja mpaka wakadhani umesahau. Mwongozaji akauliza, unangoja nini? Ukamjibu, kuna mtu anatakiwa aitike. Na siku hiyo ulikuwa tayari unaumwa, Helen alijua, wao hawakujua. Ukageuka ukaenda zako, wakalazimika kuibadilisha hadithi yao.

Akaniuliza, unajivunia binti yako? Nikasema ndiyo, kwa sababu amesafiri mbali na ana moyo mzuri. Alipoondoka nilikaa kwenye kiti kile ulichokuwa unaketi ukiwa paroko, na hakukuwa na kitu chochote ndani yangu.

Wananiambia nishukuru, filamu imebaki, nitakuwa nakuona nikitaka. Furaha anataka aniwekee kwenye simu. Nimemkataza. Nitatazama nini? Hata nikiirudia mara mia utapiga tatu zile zile, nitaitika, utageuka. Hakuna siku utakayonisikia.

Siku mlipoifanya filamu ile, mimi nilikuwa hapa hapa Bertrams, nakanda unga, redio inaimba. Nilikuwa mzima, masikio yangu yanasikia. Ulikuwa umesimama mbele ya mlango wa mbao za maigizo, nyuma yake hakuna chumba, na mama yako yuko kwenye nyumba yenye milango ya kweli, anangoja. Ungepiga huku. Ungepiga moja tu.

Kwaheri, Thandeka. Kwa mengine yote ulikuwa mbishi. Nilikwambia ongea Kiswahili, ukakataa. Nilikwambia rudi, ukakataa. Nilikwambia ukiumwa niambie. Moja tu ndilo ulilonitii, kwamba baada ya hodi ya tatu mtu anaondoka, na hilo ndilo nililotaka unikaidi.

Mama yako,
niliyekuwemo ndani.