Niliiba Mkono wa Mjomba Wangu Nikaupa Roboti

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na naomba uisome mpaka mwisho kabla hujanihukumu, ingawa hata ukinihukumu mapema utakuwa na haki. Mimi ni kijana wa miaka ishirini na minne, kwetu ni Newala, nasoma usanifu majengo mwaka wa mwisho Dar es Salaam, na barua hii naiandikia Masasi, hapa Mkomaindo, nyumbani kwa dada yangu Dorika, ambako nimekaa siku kumi na moja nikimdanganya kwamba nangoja kipuri kinachotengenezwa karakana moja ya Ndanda, kumbe kipuri nilishakichukua siku ya pili na kiko ndani ya begi, ila kila nikifika stendi nipande gari la Newala miguu inakataa, nanunua soda, narudi.

Mambo yenyewe ni haya. Chuoni mimi na wenzangu watatu tuliunda roboti, mkono mmoja wa chuma wenye viungo sita, mota zake tumezitoa kwenye mashine mbovu za fotokopi, na kazi yake ni kuchonga mbao za kuta na madirisha, lakini hatukutaka ichonge kama mashine za kiwandani, tulitaka ichonge kama mtu, na mtu niliyemjua mimi ni mjomba wangu Alfredi, kaka yake mama, ambaye kule Newala hakuna asiyemjua kwa uchongaji. Likizo ndefu iliyopita nikakaa kwake wiki tano, nikamfunga kidude cha kuhisi mwendo kwenye kifundo cha mkono, nikatega kamera, nikachimba mpini wa tezo lake na kuweka kidude kingine humo ndani chenye kutunza kila pigo, naye akachonga nakshi za ukuta nilizomwomba huku akinicheka, "Mpwa wangu, mbona unanifunga kama mgonjwa wa hospitali ya Ndanda?" Akasaini karatasi ya chuo ya kukubali, akaniuliza mara mbili, "Ni hizi nakshi tu?" nikamjibu, "Ni hizi tu, mjomba."

Wiki ya mwisho akaniamsha asubuhi na kusema, "Leo ondoa vitu vyako vyote. Kazi ninayokwenda kuifanya unaijua, na unajua inafanyiwa wapi." Nilijua, mshauri, maana yeye ndiye aliyenipeleka jandoni, na huko niliapa kama wenzangu wote. Nikamvua cha mkononi, nikakusanya kamera, cha kwenye mpini nikakisahau, naapa asubuhi ile nilikisahau. Lakini aliporudi mchana na tezo lake nikachomoa kadi, nikakuta saa tatu za mapigo, yaani sura nzima ya midimu, ile ngoma ya vinyago ya siku vijana wanapotoka jandoni, ambayo [mistari mitatu imeondolewa]. Nikajua palepale ni nini. Ningeweza kufuta, kidole kilikuwa juu ya kitufe. Nikaipa jina "jaribio la kumi na nne", nikafunga laptopu, nikaenda kula naye ugali.

Mwezi wa tano tukawa na maonyesho chuoni, roboti inachonga nakshi na watu wanapita tu, hakuna anayesimama, mhadhiri wetu akasema kazi ni safi ila haina uhai, na mimi kiburi kikanipanda, nikafungua jaribio la kumi na nne. Watu wakajaa. Kwenye gogo la mti mwepesi likatoka paji, ikatoka pua, ukatoka mdomo wenye [maneno yameondolewa], nami nimesimama pembeni natangaza kwa sauti, "Huu ni mkono wa mjomba wangu Alfredi wa Newala!" Mwenzangu Mabel, ambaye si wa kwetu na hakujua lolote, akarekodi kwa simu akairusha mtandaoni, na siku ya tatu ilikuwa imefika soko la Newala, akina mama wanatazama kwenye simu zao kitu ambacho hawapaswi kukiona kikichongwa.

Nikampigia mama. Akasema, "Mwanangu, mimi sikuona kitu." Akarudia tena, "Mimi sikuona kitu." Halafu akaniambia wazee walimwita mjomba wakamuuliza kama ni yeye aliyechonga mbele ya mashine, naye akajibu, "Mkono ni wangu," basi, hakusema kwamba aliniambia niondoe vitu, hakunitaja hata jina. Sasa vijana wako jandoni, wanatoka mwisho wa mwezi huu, na kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe mjomba hakuambiwa achonge. Asubuhi, saa zake za tezo, anakwenda kupalilia mikorosho, na mama anasema anapalilia hata pasipo na majani.

Na mimi mwezi wa nane natetea mradi, nimeambatisha ile karatasi aliyosaini kana kwamba inahusu kila kitu. Nifute faili na kuuvunja ule mkono wa chuma? Niwaandikie wazee barua? Au ninyamaze, maana watu husahau? Ninajuta. Nisaidie.

Mwenye Majuto, Masasi

MAMA LOYCE ANAJIBU

Mwanangu, pole nitakupa, lakini si sasa hivi.

Juu ya safu hii kuna picha yangu. Nimevaa kilemba na hereni, na jina langu ni Mama Loyce. Na wewe, uliyeapa jandoni, umekaa kwa dada yako ukaniandikia mimi, mwanamke, mambo ya midimu kwa kirefu, mpaka nikafika kwenye aya ya tatu nikaifunga bahasha. Nilimpa Mzee Yassini, mpiga chapa wetu, amalizie yeye na kuyakata ya kukatwa, ndipo nikasoma yaliyobaki. Unaona ugonjwa wako ulipo? Unajuta kwa kuonyesha, na majuto yenyewe unayaandika kwa kuonyesha. Ukiwa na jambo zito mkono wako unakimbilia hadhira. Juzi ilikuwa ya maonyesho, leo wasomaji wa gazeti.

Mimi nimezaliwa Chiwata, nikaolewa Newala. Nimepiga vigelegele siku za midimu tangu nikiwa binti, nikakimbia na wenzangu tukicheka, na hakuna kati yetu aliyewahi kuuliza swali. Unadhani mwanamke hamtambui kwa mwendo mtu aliyemfulia nguo miaka ishirini? Kutouliza ni heshima tunayoitoa sisi, kwa hiari yetu, na wanaume wanajua tunaitoa. Ndiyo maana mama yako amekuambia hakuona kitu. Hakukudanganya. Alikuwa akishona palipochanika, kwa ajili ya kaka yake. Wewe ulitunyang'anya hata nafasi ya kunyamaza, maana kitu kikishakuwa kwenye simu ya kila mtu sokoni, asiyeuliza anaonekana mjinga.

Na mjomba wako hukumwelewa kabisa. Alisema mkono ni wake kwa sababu yeye ndiye aliyekupeleka jandoni, na kosa la kijana ni la aliyempeleka. Amelibeba. Angekutaja ungefukuzwa kwenye hesabu ya wanaume wa kwenu, naye akaona afadhali akae yeye nje. Siku zote hizo wewe umekuwa ukinywa soda stendi!

Basi sikiliza. Kwanza, usifute chochote na usivunje chochote. Ile kazi si yako. Ukiifuta kabla hajasema, utakuwa umemwamulia mara ya pili. Ichukue kadi, umpe mkononi, umwambie nakala nyingine ziko wapi, zote, na anachosema kifanyike ukifanye mbele yake.

Barua kwa wazee achana nayo. Umeandika za kutosha. Fika kwa mjomba kwanza, shikamoo, ukae chini, umwambie kwa maneno haya haya: kidude kilikuwa kwenye mpini, sikufuta, nilijua. Hilo la "nilisahau" liweke pembeni, kila mtu husahau asubuhi. Wewe ulikumbuka mchana. Halafu umwombe akupeleke kwa wazee ukalisema hilohilo, kwamba alikukataza na ukamwibia. Akikataa kukupeleka, usiende kwa ujasiri wako peke yako. Mtafute yule mwanamume aliyekutunza jandoni, yeye anajua mlango wa kuingilia.

Chuoni iondoe ile karatasi. Mwambie mhadhiri wako kwamba idhini ilikuwa ya nakshi tu na kazi nyingine uliiba. Wakikupunguzia alama, zipungue. Wakikurudisha nyuma mwaka, rudi. Mabel mwombe aifute aliyoirusha, bila kumweleza sababu zote, na ujue kwamba haitafutika kote.

Na Dorika mwambie leo kwamba hakuna kipuri unachongoja. Yaliyobaki hahitaji kuyasikia, na nina hakika hatakuuliza.

Sasa pole yako. Wewe si mtoto mbaya. Mtu mbaya angefika Newala siku ya kwanza na zawadi mkononi, akacheka, akala. Wewe miguu inakataa, na hiyo ni dalili nzuri. Lakini sitakudanganya kwamba mambo yatarudi. Mwezi huu vijana watatoka na sura iliyochongwa na mtu mwingine, na mjomba wako ataziona ngoma akiwa amekaa na wageni. Hilo limeshapita, hata ukimbie namna gani. Unachoweza kuokoa ni mwaka ujao, na huo nao wataamua wao.

Panda gari la kesho asubuhi, na usipige simu kwanza. Ukipiga, atakuambia, "Acha tu, mpwa wangu, yameshaisha," nawe utafurahi kumwamini.