Taya Mupya ya Emérence

Lushebere, 6 Machi 2023

Mama Gisubizo, bibi yangu mupenzi,

Amani ya Bwana ikufikie huko Kigali, kwa dada yako. Sisi tuko wazima, mama yangu anakusalimia, Gisubizo na Fifi wanaenda masomo. Kile kidonda chenye kilibakia mu ufizi toka wakungʼoe jino, waganga wamesema nini? Usinifiche kitu.

Mume wako, Marcellin

Kigali, 19 Machi 2023

Papa Gisubizo,

Salamu nyingi kwako na kwa mama mukwe. Nguvu ninayo, macho iko mazima, ni kinywa tu. Ni kansere ya ufizi, na imeshaingia mu mufupa. Watakata taya ya chini, upande wa kushoto, halafu watatoa mufupa mwembamba wa muguu wangu watengeneze nao taya ingine. Nikauliza: “Na kutembea, ntatembea?” Munganga akasema: “Utatembea, mama. Mufupa mukubwa njo unakubeba.” Kesho njo operasyo. Niombee.

Bibi yako, Emérence

Kibua, 2 Juni 2023

Mupenzi,

Nakusalimia kutoka Kibua, mu Walikale. Usishituke. Masasi ya vita ilifika mu kilima yetu, tukakimbia na watoto, mama nikamubeba mu mugongo. Wote tuko wazima. Damien, mwenye anauzisha samaki wa Bweremana, alisikia kwa dada yako ya kwamba uliamuka vizuri kisha operasyo. Lakini barua yako siioni. Andika hata mustari moja.

Mume wako

Kigali, 30 Juni 2023

Papa Gisubizo,

Mungu awalinde huko mulipo. Kansere waliitoa yote, na taya mupya inashika. Lakini uso umepinda, na nikisema watu hawanisikii, dada njo anawaelezea. Fifi akiniona ataogopa. Niache nibaki huku. Ukitafuta mwanamuke mwingine, sitakulaumu.

Emérence

Kibua, 21 Julai 2023

Bibi yangu,

Habari ya muguu? Watoto sikuwasomea barua yako. Niko nalima shamba ya kuazima, nimepanda maharagi. Nikimaliza palizi nakuja. Huyo mwanamuke mwingine tutazungumza juu yake nikiwa nimekaa karibu yako.

Mume wako

Kigali, 14 Mei 2024

Mume wangu,

Natumaini hamujambo wote. Hapa kila mara nakumbuka siku ile ulifika. Nilijifunika kitenge mupaka macho, na wewe haukuivuta. Ulikaa ukanieleza habari ya maharagi, mupaka mimi mwenyewe nikaitoa. Nilipokujibu ukasema: “Rudilia, sikusikia vizuri.” Nikarudilia, ukasikia.

Zile vise, misumari ndogo ya chuma ya kushikilia meno, zenye walitia mu mufupa mwezi wa kumi na mbili zimeshika. Juma iliyopita wakafunga meno ine juu yake. Jana nilitafuna nyama. Dada akaanza kulia, mimi nikaendelea kutafuna.

Uso ungali umepinda kidogo. Nakuja nao hivyo. Siku ya posho, tarehe kumi na nane, nitakuwa Kibua.

Mwambie mama asinipikie uji.

Bibi yako, Mama Gisubizo