Santuri Iliyokwenda Mbio

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji na wale wanangu wawili ambao nasikia siku hizi wamenipita kimo. Mgongo wako je? Mara ya mwisho ulisema unakusumbua kwa kukaa sana kazini, nikakuambia utafute kiti cha maana, na nina hakika hujatafuta, maana neno la mdogo wako huingilia sikio hili na kutokea lile. Sisi huku hatujambo. Baba anakula vizuri, anagomba vizuri, anaamka kabla ya watu wote na kuhakikisha watu wote wanajua kwamba ameamka. Mimi nipo palepale kwenye duka la miwani, nakata vioo nyuma ya pazia, na mwenye duka bado ananiita binti ingawa mvi zimeshaanza kunichungulia.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia wakati simu ipo. Simu ni nzima kabisa. Ila kwenye simu, kila nikimtaja mama, wewe unakumbuka kwamba umeacha kitu jikoni. Nimeshakujua. Kwa hiyo nimeona nikae chini niandike, na wewe tafadhali zima jiko kwanza, kisha unisome mpaka mwisho.

Mambo yalianza Jumamosi moja asubuhi. Alikuja nyumbani bwana mmoja mrefu, mwembamba, mpole kupita kiasi, miwani yake imefungwa kwa gundi ya karatasi upande mmoja. Mimi macho yangu yakaenda kwenye ile gundi na hayakutoka. Akamwuliza baba kama ndiye mzee fulani, baba akakubali, naye akasema amekuja kwa ajili ya kazi aliyoifanya baba zamani sana, kwamba kuna watu wengi wanaiulizia. Basi! Unamjua baba yako. Maisha yake yote amefunga mabomba, na kwake yeye mtu hawezi kuulizia kazi ya zamani isipokuwa inavuja. Hata mgeni hajakaa, baba ameshaanza kujitetea. Bomba alilofunga yeye halivuji, likivuja ujue kuna mtu amelichokonoa, na hao mafundi wa siku hizi wanakaza nati kama wanafunga chupa ya soda. Bwana wa watu akajaribu kusema, akashindwa. Baba akaingia ndani, akatoka na buti na mfuko wa vyombo, akapanda gari la mgeni, akafunga mlango. Mimi nikajipakia nyuma, maana vituko vya baba sivikosi bure.

Yule bwana alikuwa na aibu mno hata akatuendesha hadi kwake bila kusahihisha neno. Tukapanda ngazi, akafungua mlango, na baba akaenda moja kwa moja jikoni, akapiga magoti, akaingiza kichwa chini ya sinki. Akatangaza kwamba ni pakavu. Ndipo nilipotazama sebuleni nikaona santuri. Dada, santuri kutoka sakafuni mpaka darini, kuta zote nne, hata dirisha limeachiwa nafasi kwa shida. Nikamshika baba bega nikamwambia atoke huko chini, kwa maana tulichoitiwa si maji.

Bwana Santuri, ndivyo ninavyomwita mpaka leo na hajakataa, akampa baba santuri moja kubwa, mpya, yenye jalada la rangi. Nyuma ya jalada kulikuwa na picha ndogo ya vijana watano na mwanamke mmoja, wote na suruali ambazo mguu mmoja ungetosha kufunika familia mvua ikinyesha. Wa pili kutoka kushoto, mwenye nywele kama kichaka na gita la besi shingoni, alikuwa baba yetu. Na yule mwanamke unamjua. Baba akakaa juu ya mfuko wake wa vyombo.

Kazi ya yule bwana ni hii. Anatafuta nyimbo za fanki na disko za zamani, zile zilizotolewa kwenye santuri ndogo chache, zikachezwa msimu mmoja kisha zikasahaulika. Anaziokota sokoni, kwenye mabanda ya watu, kwenye nyumba za wajane. Anazisafisha mikwaruzo, anakusanya nyimbo kumi na kitu kwenye santuri moja kubwa, anaweka kijitabu cha maelezo, kampuni yake inatoa upya, na vijana ambao hata hawakuwa wamezaliwa wanazinunua na kuzicheza mpaka jasho liwatoke. Kwenye mkusanyiko wa kwanza aliweka wimbo mmoja wa bendi ya akina baba usio na maneno. Sasa anaandaa wa pili, na anautaka wimbo wao wenye sauti ya mwanamke. Alisema aliutafuta kwa miaka kabla ya kupata nakala, na kwamba huko kwenye madisko huwa wanaucheza kutoka kwenye santuri moja iliyopasuka. Akauliza kwa heshima yule binti mdogo aliyeuimba alikuwa nani.

Akauweka tuusikie. Nyumbani kwetu santuri hiyo haikuwahi kuwepo, kwa hiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza. Ngoma nzuri, besi inaruka, tarumbeta zinajibizana, halafu ikaingia sauti nyembamba, ya kitoto, inakimbia kama aliyefukuzwa na nyuki. Nisikufiche, nilicheka. Baba akaomba wimbo uzimwe. Akasema aliyeimba ni mkewe, lakini mbio zile si zake, na besi ile si yake pia, maana hakuna kidole kinachoweza kwenda hivyo kikabaki na ukucha.

Ndipo ikaeleweka. Wimbo ulikuwa mrefu, na tajiri aliyegharimia santuri alitaka uingie wote upande mmoja, tena uchangamke, eti wachezaji wasisinzie. Kiwandani wakauendesha mbio wakati wa kuchonga santuri, na wimbo ukiendeshwa mbio kila sauti hupanda na kuwa nyembamba. Akina baba hawakuulizwa. Walipoletewa, santuri zilikuwa zimeshasambazwa madukani. Bwana Santuri alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Maskini, alikuwa ameshaandika kwenye kijitabu sentensi nzima nzima kuisifu sauti ya binti mdogo.

Wiki iliyofuata tulirudi na gita. Bado lipo, dada, lilikuwa juu ya kabati limeviringishwa kwenye shuka, na baba akalinunulia nyuzi mpya kama mtu anayemshonea mtoto nguo ya sikukuu. Alisema wimbo ule huanza kwa uzi mnene kabisa, ukiwa wazi, bila kuguswa na kidole. Ni sauti ya chini kuliko zote katika gita lake, na haiwezi kuwa nyingine. Basi akawa anaupiga uzi ule mmoja, na Bwana Santuri anaupunguza mwendo wimbo kwenye kompyuta. Baba anatikisa kichwa. Anapunguza tena. Anatikisa. Walizozana wale wawili, gita na santuri, mpaka mimi masikio yakachoka. Bwana Santuri akasema kwa upole kwamba tukizidi hapo wimbo hautachezeka tena. Baba akamwambia apunguze, yeye ndiye aliyekuwepo. Kisha ghafla zile sauti mbili zikawa moja. Baba hakutikisa kichwa. Alianza kupiga, mguu wake ukaanza kugonga sakafu, akaufuata wimbo wote kana kwamba aliuacha jana.

Na mama akaingia. Dada, ni yeye. Sauti nzito, ya taratibu, yenye mchanga kidogo chini yake, ileile iliyokuwa ikituita tukaoge na sisi tunajificha nyuma ya pipa. Nililia pale kwenye kiti cha mtu bila haya, na sijui kama nililia kwa furaha au kwa hasira ya kiwanda. Hata kucheza unachezeka, tena vizuri zaidi, kwa kiuno badala ya miguu. Bwana Santuri mwenyewe alisimama akajaribu. Hajui kucheza, lakini alijaribu.

Katikati ya wimbo vyombo vyote vinanyamaza, anabaki mpiga ngoma peke yake. Hapo palikuwa na mlio mdogo, kama filimbi, ambao Bwana Santuri alisema watu wa santuri wamebishana juu yake muda mrefu. Wengine wanasema ni ndege, wengine kinanda. Kwa mwendo wa sawasawa, na baada ya kusafishwa mikwaruzo, si ndege wala kinanda. Ni mtoto anacheka. Anacheka kwa nguvu zake zote, kama anayetekenywa, na mama anapoingia tena kuimba unasikia kabisa naye anajizuia kucheka. Bwana Santuri akauliza ni nani huyo. Baba akasema ni binti yake mkubwa.

Ndiyo, dada. Ni wewe. Ulikuwa na miaka miwili. Baba anasema mama alikuwa anakwenda na wewe kila mahali, mazoezini, kurekodi, hata dansini, unalala juu ya makoti nyuma ya jukwaa. Siku ile mpiga ngoma alikuwa anakutolea ulimi huku anapiga, ukaangua kicheko. Fundi mitambo akataka warudie. Mama akakataa katakata, akasema hapo ndipo wimbo ulipokolea.

Sasa nikuambie nililolifanya, na ukitaka kunigombeza nigombeze ukimaliza kusoma. Nilivunja ahadi. Uliniapisha nisimwambie mtu kile alichosema shangazi siku ya msiba wa mama, kwamba ulipozaliwa ndipo mama alipofungwa mdomo, kwamba angefika mbali lau si wewe. Ulikuwa msichana wa shule, ulisimama nyuma ya mlango, na hukumwambia mtu ila mimi, miaka mingi baadaye, siku ile unafunga masanduku kwenda huko. Nimeliweka moyoni muda wote huo. Lakini kile kicheko kilinishinda. Nilimwambia baba palepale, mbele ya mgeni.

Sijawahi kumwona baba vile. Alilitua gita chini polepole. Akasema hakujua. Akarudia mara kadhaa, hakujua, hakujua kabisa. Kisha akatueleza ambalo hakuwahi kulisema. Santuri ilipotoka, watu waliinunua sana, wakajaa ukumbini kuja kumwona yule mwimbaji. Mama akapanda jukwaani akaimba kwa sauti yake. Wakaanza kupiga miluzi. Wakapiga kelele kwamba huyu siye, wameletewa mwimbaji bandia, aletwe yule wa kwenye santuri. Jukwaani pake mwenyewe, dada, wakamkatalia sauti yake mwenyewe. Alijaribu kuimba kwa juu ili afanane na santuri, sauti ikampasukia, na ukumbi mzima ukacheka. Alishuka kabla wimbo haujaisha, akakuokota kutoka kwenye makoti, akatembea nawe mpaka nyumbani, na hakupanda jukwaa tena maisha yake.

Watu walipouliza mbona haimbi, aliona aibu kusema kwamba alizomewa. Akawa anajibu kwamba ana mtoto wa kulea. Lilikuwa jibu rahisi, la heshima, na hakuna aliyeuliza zaidi. Baba alimwachia jibu lake kwa sababu alimpenda. Hakuna hata mmoja wao aliyefikiri kwamba siku moja yule mtoto angelisikia na kulibeba. Baba amesema nikuandikie hivi, kwa maneno yake: hukumfunga mama yako mdomo hata siku moja, usiku ule wewe ndiye pekee ukumbini uliyenyoosha mikono kumpokea.

Najua nyumbani kwako hamna hata redio. Najua shemeji hudhani hupendi kelele, na wewe unamwacha adhani hivyo. Mimi nimekuwa nikikutania kwamba una masikio ya mbao, na nilikuwa najua sababu, nikatania tu ili tusilie. Sitaki kukutania juu ya hilo tena.

Sasa Bwana Santuri yuko tayari, na kampuni yake iko tayari. Wamekubali wimbo utoke kwa mwendo wake wa kweli, na ile sentensi ya binti mdogo imefutwa. Mimi nimemtengenezea miwani mpya, gundi ile ilikuwa inaninyima usingizi. Kilichobaki ni baba kusema ndiyo, naye amekataa. Bwana Santuri alidhani ni mambo ya fedha, akaanza kujieleza. Baba akamkatiza. Akasema kuna waimbaji wawili kwenye wimbo ule, mmoja ametangulia, na wa pili yuko mbali na hajaulizwa. Amekaa tu nyumbani, gita mapajani, anakungoja useme.

Wasalimie sana shemeji na wanangu, waambie shangazi yao mdogo, ah, mama yao mdogo, amechanganyikiwa na furaha. Jirani wa upande wa juu anakusalimu, mwenye duka la miwani anakusalimu ingawa hajawahi kukuona. Baba hakutuma salamu. Amesema salamu zake atakupa mwenyewe ukija, na kwamba usilete kitu chochote, ila ukiweza, ucheke.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Kiroboto